Kikokotoo chenye FACT: nimekipima kwa 4,294,967,297

Nafundisha hisabati sekondari, Morogoro. Mwezi uliopita niliteremka Dar nikanunua kikokotoo cha kisayansi Kariakoo, shilingi 38,000, kwa sababu moja tu: neno FACT juu ya kitufe kimoja. Kitufe hicho huichambua namba nzima kuwa vigawo tasa.

Kwa 360 kilitoa 2³×3²×5 papo hapo. Lakini mimi nilikuwa na namba yangu: 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1, yaani 4,294,967,297. Mwanahisabati Fermat aliamini ni tasa, hadi mwenzake Euler mwaka 1732 alipoonyesha kuwa inagawanyika kwa 641. Nikaiingiza, =, SHIFT, FACT. Kioo kikaandika 641×(6700417).

Hayo mabano ndiyo yaliyonifanya nikipende. Kijana wa kidato cha tatu aliuliza, "Mwalimu, mbona hiyo ya pili imefungiwa?" Kijitabu kinalieleza jambo hili kwa herufi za kuumiza macho, kwa hiyo nalieleza hapa. Kikokotoo hujaribu namba tasa zenye tarakimu moja hadi tatu, basi. Kinachobaki kikiwa chini ya 1,018,081, yaani 1009 mara 1009, ni tasa bila shaka, maana 1009 ndiyo tasa ya kwanza yenye tarakimu nne. Kikifika hapo au kuzidi, kinafungiwa: mashine haijathibitisha, na inakwambia hivyo waziwazi.

Tukamalizia wenyewe. Kipeuo cha pili cha 6,700,417 ni 2,588 na ushee. Kujaribu tasa zote hadi hapo ni adhabu, ila mwanahisabati Lucas alithibitisha mwaka 1878 kwamba kigawo tasa chochote cha namba yetu ya mwanzo, 4,294,967,297, lazima kiwe kizidisho cha 128 kilichoongezwa 1. Hadi 2,588 zipo tano tu: 257, 641, 769, 1153 na 1409. Nikaligawa darasa makundi matano, kila kundi na namba yake. Manne yakatumia kalamu, moja likapata kikokotoo. Baki zikaja: 170, 44, 120, 334, 622. Sifuri haikuonekana. Yule kijana aliyeuliza ndiye aliyekwenda ubaoni kuyafuta mabano, na darasa zima likapiga makofi.

Upungufu wake ni kwamba FACT haipokei zaidi ya tarakimu kumi. Ukiweka 2 kwa kipeo cha 64 jumlisha 1, yenye tarakimu 20, unaonyeshwa 1.844674407×10¹⁹ na mambo yanaishia hapo. Kwa namba za ukubwa huo natumia PARI/GP kwenye kompyuta, programu ya bure iliyoanzia Bordeaux, Ufaransa. Inatoa 274177 na 67280421310721 kufumba na kufumbua. Kwa kazi ni bora mno. Kwa darasa langu bado nachagua hiki cha mabano, na nimeshaagiza vingine vinne ili kila kundi liwe na chake.