Miwani ya kinga kwa wavuna machungwa: ukiweza kuona, utaivaa

Niko kwenye mashamba ya machungwa huku Florida, upande wa Immokalee, wenzangu karibu wote ni Wamexico na Waguatemala, na jamani macho yanaumia sana kwenye hii kazi. Umepanda ngazi, begani una mfuko ambao ukijaa unafika kilo 40, unaingiza kichwa kwenye matawi, kijiti kikavu kinakuchapa jichoni, hapo bado vumbi na mabaki ya dawa ya wadudu yaliyogandia kwenye majani.

Miwani ya kwanza tuliyopewa ilikuwa ya bei chee na haifai kabisa. Joto na unyevu wa huku, ukitoka jasho tu inashika ukungu, huoni chungwa wala ngazi, na malipo ni kwa beseni ulilojaza, kwa hiyo mtu anaipandisha kwenye kofia na inakaa hukohuko mpaka jioni. Simlaumu mtu hapo.

Hii ninayovaa sasa haishiki ukungu kirahisi, imeziba pembeni ila imeacha upenyo wa hewa, na kwenye fremu imeandikwa Z87+, yaani imepimwa kwa kupigwa na kitu chenye kasi. Tafuta na U6, hiyo ni kinga ya mionzi ya jua, maana jua la miaka mingi linaotesha kinyama kwenye jicho. Chukua kioo cheupe au kijivu hafifu, nyeusi tii chini ya majani ni hatari. Haizidi dola 10. Usiifute na shati lenye vumbi, isuuze kwanza, la sivyo inakwaruzika na ule ukungu unarudi.

Ila kilichofanya watu waivae kweli ni wale promotores, wavunaji wenzetu waliopewa mafunzo ya macho, maana wenyewe wanaivaa juu ya ngazi na wanaongea Kihispania chetu cha shambani. Wametufundisha kitu kikiingia usisugue, dawa ikiingia suuza na maji safi dakika 15 bila kukatisha, kijiti kikichoma usikichomoe, funika bila kukandamiza, uwahi kliniki.

Na nyie mnaochanganya na kupuliza dawa, kama lebo inataka kinga ya macho basi kwa sheria za EPA, shirika la mazingira la serikali ya Marekani, mwajiri anawapa bure, msikubali kuuziwa.

Nyota 4 kati ya 5. Moja nimekata kwa sababu saizi ndogo hakuna, kinamama wengi inawateleza puani.