Kupima unyonyaji wa udongo Ruai: uzoefu wangu

Kama ploti yako iko upande huu wa Nairobi, Ruai au Utawala, na hakuna bomba la majitaka karibu, soma hii kabla fundi hajashika sururu kukuchimbia shimo la kunyonya majitaka.

Mafundi wengi humwaga ndoo kadhaa shimoni, wakatazama maji yakiingia, basi, kipimo kimekwisha. Kiangazi udongo wetu mweusi wa pamba hupasuka nyufa za kuingiza mkono, kwa hiyo maji hupotea ukiyaangalia. Unaambiwa ardhi inanyonya vizuri. Masika yakifika udongo huvimba, nyufa hujifunga, na uchafu unaanza kurudi chooni.

Vijana wa kupima udongo niliowaita hawakukubali mchezo huo. Walichimba vishimo vya sentimita 30 kila upande, kwenye kina ambacho mabomba ya kusambaza majitaka ardhini yangelala. Wakakwaruza kuta kwa kisu, maana koleo huzilainisha na kuziba vinyweleo vya udongo. Wakajaza maji, wakaenda zao. Kesho yake ndipo walipojaza tena na kuanza kuhesabu: maji yashuke kutoka robo tatu ya shimo hadi robo moja, yaani milimita 150, kisha sekunde zote zigawanywe kwa 150. Shimo la nyuma ya nyumba lilichukua muda wa saa sita. Hiyo ni sekunde 144 kwa kila milimita, na Uingereza, wanakotumia kipimo hiki, ukivuka 100 ardhi hiyo haifai kumwagiwa majitaka. Rafiki yangu wa mtaa wa Karen, mwenye udongo wake mwekundu unaonyonya vizuri, ananicheka tu.

Lawama ninazo. Tulipatana saa mbili asubuhi, wakatokea jua liko utosini. Hawakunieleza kwamba maji ni juu yangu, nikabaki kukimbizana na wauza maji wa mikokoteni, na vishimo vile vinakunywa mitungi si haba. Ripoti nayo ni jedwali tupu la tarakimu. Nilimpigia simu kiongozi wao, akanifafanulia polepole na kwa heshima, lakini maelezo yale yangekuwa kwenye karatasi. Wanatoza kwa kila shimo, nauli kando.

Nimeachana na shimo la kunyonya. Najenga tangi lililozibwa, nitakuwa naita lori la kunyonya majitaka likijaa. Ni gharama ya kudumu, ila sitaki kunusa masika.

Nawapa nyota nne. Ukiwaita, uliza kwanza nani analeta maji.