Kliniki ya sikoseli ya watoto, Kigoma mjini: nimekaa mwezi mzima, haya ndiyo niliyoyaona

Nimemaliza mwezi mmoja kwenye kliniki ya watoto wenye sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao wengine mnauita selimundu, katika hospitali moja hapa Kigoma mjini. Naandika kwa ajili ya wazazi wanaoniuliza kama kweli inafaa kumleta mtoto kutoka mbali, na kwa ajili ya madaktari wenzangu waliomaliza intani ambao bado hawajajua waende kusomea nini. Naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoipunguza nitaieleza.

Kilichonifanya niandike ni kalamu ya wino wa bluu. Siku yangu ya kwanza aliingia mama kutoka Kagunga, kaja na boti hadi Kibirizi, mtoto wa mwaka mmoja na nusu yuko mgongoni kwenye kitenge kilicholowa maji ya ziwa. Mimi nilishaandaa maswali yangu. Sista hakuuliza kitu. Alimlaza mtoto kitandani, akamkunja magoti ili tumbo lilegee, kisha akaushika mkono wa yule mama na kuuweka chini kabisa ya tumbo, upande wa kushoto, akaupandisha polepole kuelekea mbavuni.

"Sikilizia na vidole. Mtoto akivuta pumzi, kuna kitu kinakugusa?"

Mama akatikisa kichwa. Wakarudia mara ya pili, wakarudia ya tatu. Mara ya nne akashtuka. "Hiki hapa! Kama ncha ya ulimi."

"Hiyo ndiyo bandama yake, mama."

Sista akachora mstari kwenye ngozi pale bandama ilipoishia, akampimisha mama kutoka ubavuni: vidole viwili. Akaandika kwenye daftari la kliniki. Kila jioni wakati wa kumwogesha, amshike hapo hapo. Siku bandama ikiteremka kupita kipimo hicho, mtoto amelegea na viganja vimekuwa vyeupe, asingoje kukuche; aende kituo cha afya kilicho karibu na hilo daftari mkononi, aseme mtoto anaishiwa damu. Shughuli yote ilichukua dakika kama kumi na tano, na foleni nje ilikuwa ndefu. Hakuna aliyemharakisha.

Nilitoka nje nikasimama kwenye baraza. Mwaka 2005 nikiwa darasa la tatu, nyumbani kwetu Ujiji, mdogo wangu aliamka salama, mchana akaanza kulala ovyo, magharibi tumbo limejaa na midomo imepauka. Zahanati tuliyompeleka ilitupa dawa ya malaria tukarudi naye. Alifariki kabla ya adhana ya alfajiri. Bibi yangu alikwenda kaburini akiamini kuna jirani alimtupia jicho mjukuu wake. Ukweli nimeujua chuoni: kwa mtoto mdogo mwenye sikoseli, bandama inaweza kuzuia ndani yake sehemu kubwa ya damu ya mwili kwa muda wa saa chache tu, na akiongezewa damu mapema anaweza kupona. Mama yangu alimwogesha jioni ile. Mkono wake ulipita juu ya ile bandama na hakuna mtu aliyewahi kumwambia ni kitu gani.

Kwa hiyo, mzazi, jibu langu ni mlete. Mengine ya kliniki ni haya. Mtoto anapewa dawa ya penisilini ya kunywa kila siku hadi afikishe miaka mitano, maana bandama yake hailindi mwili ipasavyo dhidi ya baadhi ya vijidudu. Anapewa foliki asidi, vitamini ya kusaidia mwili kutengeneza damu. Anaulizwa kama analala kwenye chandarua, na wanauliza kwa kumaanisha. Homa ya nyuzi 38 au zaidi ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Usinunue dawa dukani ukasubiri. Wanaostahili wanaanzishiwa haidroksiurea, dawa iliyotumika kwanza kwenye saratani, ambayo inauamsha mwili kutengeneza ile hemoglobini ya kichanga, yaani kibeba hewa cha damu ambacho mtoto huzaliwa nacho, na seli nyekundu za damu hazipindi kirahisi. Maumivu ya mifupa yanapungua, kuongezewa damu kunapungua. Inataka kupima damu mara kwa mara, kwa hiyo usiinywe kwa kuazimana na jirani. Nimeona familia mbili zikifanya hivyo.

Wapo wanaouliza kwa nini huku kwetu ugonjwa huu umejaa. Jibu linatoka kwenye malaria. Mwaka 1954 Anthony Allison alionyesha, kwa utafiti alioufanya Afrika Mashariki, kwamba aliyerithi jeni (chembe ya urithi) moja tu ya sikoseli analindwa dhidi ya malaria kali. Mababu zetu wenye jeni hiyo moja walipona wakazaa. Mtoto akiipata kwa baba na kwa mama, hapo ndipo anaugua, na kwa Tanzania wanakadiriwa kuzaliwa kati ya 11,000 na 14,000 kila mwaka. Hakuna aliyeroga na mama hana kosa. Nimeona wanawake wanaachika kwa sababu hii, na yule sista anawaita akina baba na kuwaeleza kwamba jeni moja imetoka kwao.

Sasa nyota niliyoipunguza. Haidroksiurea ilikosekana dirishani wiki mbili kati ya nne nilizokaa, na wazazi wakaandikiwa karatasi wakatafute madukani. Majibu ya damu yanatoka kesho yake, kwa hiyo aliyetoka Buhingu au Kakonko lazima apate pa kulala mjini. Chumba ni kimoja na hakina pazia. Binti wa miaka kumi na nne anavuliwa blauzi watu wakipita. Pazia si jambo la kusubiri bajeti.

Kwa madaktari wenzangu. Wiki ya tatu aliletwa mvulana wa miaka sita kutoka Uvinza, taya limevimba na jino linatikisika. Ameshang'olewa mawili mtaani. Dokta wa kliniki alimtazama, akapapasa tumbo lake, akaanza kuandika rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, siku hiyo hiyo. Alihisi Burkitt, saratani ambayo uvimbe wake unaweza kukua mara mbili ndani ya siku moja au mbili, na ambayo, kwa sababu ya mbio hizo hizo, inasikia dawa kuliko nyingi. Kwenye nchi tajiri zaidi ya watoto 80 kati ya 100 wenye saratani wanapona. Kwenye nchi maskini hawafiki 30. Shirika la Afya Duniani lilijiwekea mwaka 2018 lengo la kufikia 60 ifikapo 2030. Aliyemfungulia mvulana yule njia ya Mwanza alikuwa ni mtu mmoja aliyejua kutazama taya.

Nilimuuliza dokta safari ya kusomea kazi hii ina urefu gani. Akahesabu kwa vidole: udaktari miaka mitano, intani mmoja, ubingwa wa watoto mitatu, ubobezi wa damu na saratani za watoto miwili. Kumi na moja. Nilitegemea anitie moyo, hakunitia. Alisema utazika watoto uliowajua majina na wanasesere wao. Halafu akanionyesha faili nene la kijana aliyeanza naye ana miaka mitatu, sasa yuko kidato cha nne. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, Profesa Julie Makani na wenzake walianza kuwafuatilia wagonjwa wa sikoseli kwa utaratibu mwaka 2004. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uloto watoto wa sikoseli mwaka 2023. Kazi ipo, na ipo nchini.

Wiki ya nne mama wa Kagunga alirudi. Nikamlaza mtoto, nikafunua tumbo, nikakuta mstari mweusi, mnene, umepinda kidogo. Wino wa sista ulishafutika siku nyingi. Ule aliuchora mwenyewe kwa wanja wake, usiku wa kuamkia safari. Nikapapasa. Bandama iliishia pale pale kwenye mstari.

"Vidole viwili, dokta," alisema kabla sijafungua mdomo. "Pima na wewe."