Kisanduku cha Kuita Koyote Kimeniitia Mbuzi

Haya jamani, karibuni tena. Kabla hujakimbilia pale chini kuniandikia matusi: hapana, sijaanza kuwinda. Uwindaji wa kujifurahisha ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haina utani na mtu. Kisanduku hiki kiko mezani kwa sababu ni spika, na kwenye chaneli hii spika ni spika, hata ikiwa imepakwa rangi ya majani makavu. Nembo nimeiziba na utepe. Hawajanilipa, kwa nini niwatangaze?

Kwa aliyeingia leo: koyote ni mnyama wa porini wa Marekani anayefanana na bweha, na kule mwindaji wake hamfuati, anamwita. Anaweka spika kwenye nyasi, anajibanza mbali nayo, upande ambao upepo hautampelekea koyote harufu yake, kisha anabonyeza rimoti. Spika inalia kama sungura aliyekamatwa. Koyote akisikia anajua kuna chakula, na chakula chenyewe hakina nguvu ya kukimbia, basi anakuja mbio. Zamani walikuwa wanapuliza vipenga kwa mdomo. Baadaye akaja Johnny Stewart, mtu wa Waco, Texas, akawa anauza milio ya wanyama kwenye sahani za santuri. Hebu fikiria mtu anabeba santuri porini! Siku hizi ni faili na rimoti tu.

Betri, uzito, idadi ya milio, hayo yameandikwa kwenye kasha na mnajua kusoma. Sauti ni kali, nimemaliza. Ukikiwasha hapa mtaani South B, Nairobi, usiku, mlinzi wa ploti atakuja kugonga.

Sasa hiki kitufe. Sogeza kamera. Hapa, chini ya kile cha sauti. Hiki hakiongezi nguvu, kinaufanya mlio uwe mwembamba au mnene. Sikiliza. Huyo ni sungura wa Marekani alivyorekodiwa, mlio mwembamba unaokwangua meno. Nashusha kidogo. Nashusha tena. Ngoja, mara moja ya mwisho. Umesikia? Sungura amekwenda zake. Fumba macho uniambie kama huyo si mtoto wa mbuzi aliyenasa kwenye seng'enge.

Tulikipeleka Isinya, kule Kajiado, kwa mzee mmoja mwenye mbuzi wengi na moyo wa subira. Tulimwomba ruhusa kwanza, na ninyi mkiiga mwombe mwenye shamba. Angalia video hapo pembeni. Mbuzi wanakula, spika iko kwenye kichaka kile. Naanza na sungura bila kugusa kitufe. Mmoja ameinua kichwa, ametafuna, ameinama. Hana habari. Kwenye skrini ya rimoti sibadilishi chochote, bado imeandikwa sungura. Nashusha mlio. Wawili wamesimama. Nashusha tena, na sasa angalia yule mweupe mwenye kiwele. Anakuja! Na nyuma yake wengine, wote majike. Beberu yuko pale pale na majani yake, kana kwamba hajasikia kitu. Majike yamezunguka kichaka, yanalia, moja linapiga mguu chini. Mzee akaniambia, "Kijana, zima hiyo kitu, unawatesa wamama wa watu." Nikazima.

Wawindaji wa Marekani wanalijua jambo hili siku nyingi. Unaweka mlio wa mtoto wa kulungu umpate koyote, anatokea kulungu jike macho yamemtoka, anatafuta mtoto. Na huyo mtoto wala si lazima awe wa kulungu. Mwaka 2014, Susan Lingle na Tobias Riede walichapisha utafiti ambao waliwachezea kulungu wa Kanada vilio vya watoto wa wanyama wasio wa jamii yao kabisa: popo, sili wa baharini, mamoti (mnyama wa jamii ya kindi anayechimba mashimo), paka, hata binadamu mchanga. Kilio kikiangukia kwenye kiwango cha wembamba au unene kinachokaribia cha mtoto wa kulungu, mama alikuja kwenye spika. Kikiwa nje ya kiwango hicho, hashughuliki. Popo mwenyewe walilazimika kuunenepesha mlio wake kwanza, maana analia kwa wembamba mno. Ndiyo maana nimekishikilia kitufe hiki kama mtoto na peremende. Jina lililo kwenye skrini ni la kumfurahisha mnunuzi. Mbuzi hajui kusoma, anasikiliza wembamba wa sauti.

Kwa hiyo yule anayesema kwenye tangazo kwamba kifaa kinaita wanyama wawindaji, anasema nusu. Kinaita mama kwanza. Kule Arizona na Texas kuna mnyama anaitwa javelina, ukimwona utasema ni nguruwe. Akisikia kilio cha dhiki haji kula, anakuja na wenzake wakigonganisha meno kumtetea mtoto. Mwindaji amejikunyata kwenye kichaka anasubiri koyote, anazungukwa na kundi la wenye hasira. Na kuna bundi wakubwa wanaotua kwenye kofia ya mwindaji kwa sababu kitu chenye manyoya kimetikisika mahali panapolia sungura. Dubu na puma nao huja, ndiyo maana wazoefu huketi wakiwa wameegemea mti mnene.

Kumbe na hapa tuna wa kwetu. Kisanduku kinakuja na kijiti chenye kipande cha manyoya kinachozunguka juu yake, ili mnyama akifika aangalie kile badala ya kukutafuta wewe. Mwewe! Aliyesoma shule ya msingi Nairobi anamjua mwewe, yule anayekunyang'anya mandazi ukiwa umeyashika. Hakujali mlio umewekwa mwembamba au mnene, ameshuka na manyoya yamekwenda. Video ninayo, nairudia polepole. Moja, mbili, hakuna. Kijiti kinazunguka kikiwa uchi. Manyoya mengine yanauzwa peke yake, tena kwa bei ya kuudhi.

Tulijaribu pia mlio wa koyote mwenyewe, ule wa kubweka na kulia kwa mkupuo. Nilitegemea mbwa wa mzee watawaka. Mmoja alikwenda, akanusa spika, akainua mguu. Nimeisafisha, msijali. Punda ndiye aliyenishangaza. Alikuja kutoka mbali, masikio mbele, akasimama kati ya spika na mbuzi na hakutaka kuondoka. Marekani kuna wafugaji wanaoweka punda kwenye kundi la kondoo kwa kazi hiyo hiyo, maana punda hapatani na jamii ya mbwa. Huyu wa Isinya hajawahi kumwona koyote katika maisha yake.

Kinachoniudhi ni orodha. Koyote, elk, bobcat, rakuni, wote wanyama wa kule Marekani. Elk wa kumwita Kajiado atatoka wapi? Nafasi ya kuweka milio yako ipo, lakini programu yao inakataa majina marefu ya faili na inakutaka kompyuta. Mwaka huu, kompyuta! Mlio wa simu yangu ungeingia kwa sekunde moja kama wangetaka.

Najua mtaniuliza: si ninunue spika ya elfu tatu kwenye maduka ya Luthuli, Nairobi, niunganishe na simu? Kwa karamu ya nyumbani, nunua, tulishaisifu hapa. Kwa kazi hii, Bluetooth ya simu ukisogea nyuma ya ukuta tu inakohoa. Rimoti ya kisanduku hiki inatumia mawimbi ya redio yanayofika mbali zaidi, na porini umbali ndio kila kitu, kwa sababu mnyama anakwenda kwenye sauti na wewe hutaki awe mapajani mwako. Hapo lazima niwape haki yao. Lakini umbali walioandika kwenye kasha ni wa uwanja mtupu. Kwenye migunga, gawanya.

Sasa sikilizeni, hapa sicheki. Unakaa Kitengela au Rongai, usikiwashe usiku. Mbuga ya Nairobi upande wa kusini haina ua, na simba na fisi wanapita. Watafiti wa Maasai Mara, katika kazi iliyochapishwa 1998, walitumia milio ya kurekodi kuwavuta simba na fisi kwenye spika ili wawahesabu. Kwa hiyo si hadithi, wanakuja. Wao walikuwa ndani ya gari, wewe uko na kandambili. Na mbugani kwenyewe usikipeleke kabisa, hata kama lengo lako ni picha.

Jambo jingine nililolipenda mwaka 2023. Kundi la watafiti Liana Zanette na Michael Clinchy liliweka spika kwenye visima vya maji vya mbuga ya Kruger, Afrika Kusini. Wakapiga milio ya simba, milio ya mbwa na risasi, na sauti za watu wakiongea kawaida, kama redio ya jikoni. Wanyama walikuwa na uwezekano maradufu wa kukimbia waliposikia watu kuliko waliposikia simba. Twiga, pundamilia, chui, wote. Tembo hawakumkimbia simba, wengine walimfuata, na mmoja usiku aliivunjavunja mitambo yote. Kwa hiyo mwindaji anayenong'ona na mwenzake kichakani, huku ametumia pesa zote hizi kununua mlio wa sungura, ameshajitangaza.

Tuje kwenye bei. Pamoja na usafirishaji na ushuru kimenitoka zaidi ya elfu arobaini. Mwanzoni mwa video nilitaka kusema usinunue. Baada ya kitufe kile, sijui. Mzee alikuwa ameanza kukitamani, akauliza kama kinaweza kukusanya mbuzi jioni. Tulijaribu. Mara za kwanza walikuja mbio, kisha wakaanza kutembea, na jioni ya pili walikuwa wanakitazama tu. Wawindaji nao wanalalamika hivyo hivyo, kwamba koyote aliyeshadanganywa na mlio mmoja hadanganywi tena na ule ule. Kwa kuita mifugo, elfu arobaini ni nyingi mno. Mluzi ni bure. Kwa anayefanya utafiti na ana kibali, kitufe cha wembamba pekee kinalipa. Kwa kuchezea nyumbani, jamani, nunua friji.

Habari za chaneli: wanachama waliolipa kwa M-Pesa mwezi huu, stika zimechelewa kwa mchapishaji, ziko njiani. Kisanduku hiki nitakiuza, atakayekitaka aniandikie, ila kinakuja bila manyoya. Video ijayo ni kamera za usiku za bei nafuu, ninazo tatu na mojawapo haiwaki. Kama una shamba lenye nguchiro wanaokula mayai ya kuku, nitafute, nahitaji mahali pa kuzifunga.