FreeDOS 1.4: nilizoea kuifuta, safari hii nimeifunga dukani kwa mzee

Ukiwa fundi kompyuta Mwanza, FreeDOS, mfumo wa bure unaofuata DOS ile ya kuchapa amri ya kabla ya Windows, unaijua kwa sura moja tu. Mteja anaingia na laptopu mpya, nailoni bado iko juu ya kioo, anasema: "Dada fundi, nimeuziwa mbovu." Unawasha. Kioo cheusi, herufi nyeupe tatu nne, kimstari kinapepesa. Si mbovu. Ni laptopu iliyouzwa bila Windows ili bei ishuke, na kiwandani wakaiwekea FreeDOS ili isitoke tupu. Unampigia window, anakulipa, anaondoka. Mimi niko Kirumba mwaka wa kumi na moja sasa, na FreeDOS nimeifuta mara nyingi kiasi kwamba ningeulizwa inafanya nini ningejibu: inasubiri kufutwa.

Basi haya ni maoni ya mtu aliyechelewa.

Kuna mzee anauza nyavu, maboya na spea za injini za mitumbwi, mwendo mfupi kutoka mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Mjukuu wake alikuja na toroli, juu yake kompyuta ambayo zamani ilikuwa nyeupe, sasa rangi ya chai ya maziwa. Pentium ya MHz 166. Diski inalia kech, kech, kech, inanyamaza, inaanza tena. Ndani mna programu moja inaitwa MADENI. Mpwa wake aliiandika mwaka 1997 alipokuwa mwanafunzi, kwa Turbo Pascal, lugha ya kuandikia programu ya enzi za DOS, akaenda zake. Wavuvi wa dagaa wanakopa nyavu na spea, wanaingia kwenye giza kuvua, mbalamwezi ikitoka wanarudi nchi kavu kupumzika na kulipa. Siku hizo za mbalamwezi mzee anachapa orodha ya wadaiwa kwenye printa ya utepe, ile inayopiga kelele kama cherehani. Biashara nzima iko humo.

Nikampigia simu. "Shikamoo mzee. Hii imekufa, nikuwekee mfumo mpya wa kisasa?"

"Marahaba mwanangu. Mimi kipya sitaki. Nataka hiki hiki."

Faili nilizitoa salama, nusura diski inifie mkononi. Tatizo likawa pa kuziweka. Windows za bit 64 hazina kabisa kile kipande kinachoendesha programu za bit 16, yaani za zama za DOS kama hii. Unabofya, unaambiwa programu hii haiendani na kompyuta yako, basi. DOSBox, ile inayoigiza DOS ndani ya Windows, ninaipenda, lakini imetengenezwa kwa ajili ya magemu, na mimi nilitaka printa iongee moja kwa moja na tundu lake la nyuma. Kuna pia ReactOS, ndugu wa ukoo huo huo wa programu huria, ila yenyewe inafuata nyayo za Windows. Ilianza mwaka 1996 ikiitwa FreeWin95, na toleo lake la 0.4.15 lilitoka Machi 2025. Waandishi wake wenyewe bado wanaiita alfa, yaani ya majaribio. Madeni ya watu mimi siyaweki kwenye alfa.

Ndipo nikaisoma FreeDOS kwa mara ya kwanza badala ya kuifuta.

Kumbe ina historia. Mwaka 1994 ilikuwa wazi kwamba Microsoft inataka kuiacha DOS iende zake. Mwanafunzi wa fizikia huko Wisconsin, Marekani, anaitwa Jim Hall, DOS ndiyo iliyokuwa ikimfanyia kazi zake za shule, na hakutaka kunyang'anywa. Tarehe 29 Juni 1994 akatangaza kwamba anaanza kuandika nyingine, ya bure. Mwanzo aliiita PD-DOS. Pat Villani akaleta kiini cha mfumo ambacho tayari alikuwa nacho, Tim Norman akaandika kile kipande kinachosoma amri unazochapa, wengine wakachukua amri moja moja. Toleo 1.0 lilitoka Septemba 2006. Hesabu mwenyewe: miaka 12 kufika namba moja! Hili la 1.4 ninalolizungumzia ni la tarehe 5 Aprili 2025. Leseni ya kiini chake ni GPL, maana yake msimbo uko wazi, unachukua, unabadili, unagawa, hakuna wa kukudai.

Kuisakinisha hakukunisumbua. Nilipata kompyuta ya mtumba ya ofisini, zile za Core 2 Duo, yenye tundu la printa la pini 25 nyuma. Nikaandika picha ya mfumo kwenye fleshi, nikawasha, FDISK yao ikagawa diski, ikawasha upya, ikafomati, ikauliza nataka mfumo mtupu au na kila kitu. Nikachagua mtupu. Diski ni ya GB 80 na mimi nimekata GB 2 tu kwa FAT16, utaratibu wa zamani wa kupanga faili kwenye diski, zilizobaki zimelala. Nimefanya hivyo kwa makusudi: umeme wetu mnaujua, na CHKDSK ya humu, ile ya kukagua diski umeme ukikatika, kwenye FAT32, mpangilio mpya zaidi, haikusaidii, itabidi utumie DOSFSCK. Nikaongeza FDAPM ili prosesa ipumzike wakati haina kazi. DOS tupu inaizungusha prosesa mchana kutwa kwa nguvu zote hata kama hakuna anayegusa kibodi, na duka lile bati lake halina dari.

Nikaita MADENI. Ikafa papo hapo: Runtime error 200.

Saa nzima niliilaumu FreeDOS, tena kwa sauti. Kosa halikuwa lake. Programu za Turbo Pascal za enzi zile zinapoanza hupima kasi ya kompyuta: zinahesabu mizunguko ndani ya pigo moja la saa, kama milisekunde 55, kisha zinagawa kwa 55. Kwenye Pentium ya mzee jibu lilitosha ndani ya kisanduku chake cha bit 16. Kwenye Core 2 Duo jibu linafurika, na programu inakata roho kabla haijasema hata karibu. Hata ungeweka MS-DOS halisi, ile ya Microsoft, ingekufa vile vile. Dawa ni kiraka kidogo cha bure kinachorekebisha faili la EXE lenyewe. Nikakipiga, MADENI ikafunguka na bluu yake ile ya zamani, jina la duka katikati limezungushiwa mistari miwili.

Mzee alikuja mwenyewe kuangalia. Akakaa kwenye stuli, miwani puani.

"Mwanangu, hii ndiyo DOS yenyewe?"

"Hapana mzee wangu. Ni nyingine, watu wameitengeneza upya toka mwanzo, ila kwa vipimo vya ile ile."

"Kumbe spea isiyo orijino."

"Ndiyo hivyo."

Akafikiri. "Ziko zisizo orijino zinakaa kuliko orijino. Na ziko zinapasua injini. Tuipe mwezi mmoja."

Sijasikia maelezo bora ya kazi ya watu hawa. Nitawaonyesha vipimo vyenyewe. MADENI ikitaka kufungua faili la mwezi, haigusi diski. Inaweka namba 3D kwenye rejista, kisanduku kidogo ndani ya prosesa, inapiga hodi kwenye mlango wa 21 wa DOS (namba zote mbili ni za heksadesimali, hesabu ya kumi na sita), na kusubiri jibu. Faili likiwa halipo, DOS inajibu 2. Yule mpwa mwaka 1997 alikuwa anajua hivyo, akaandika: jibu likiwa 2, tengeneza faili jipya la mwezi. Sasa fikiria mwandishi wa FreeDOS anaamka asubuhi anaona, aa, 2 haieleweki, niweke namba nzuri zaidi. Mzee wa Kirumba angefungua duka tarehe mosi na kukuta hana daftari. Kwa hiyo wanaoitunza hawana uhuru wa kuboresha kama wengine. Kila kinachoguswa lazima kijibu kama kilivyojibu zamani, pamoja na tabia zake mbaya, kwa sababu kuna programu mahali fulani iliyozoea tabia hiyo mbaya na mwenyewe ameshaondoka. Mimi ningeshindwa. Mkono ungeniwasha.

Tulipofika tarehe mosi nilikwenda dukani saa moja kasoro asubuhi kusubiri. Faili jipya likatengenezwa bila neno. Nikanywa chai yao nikarudi.

Nilifurahia jambo dogo ambalo Mpolandi au Mturuki hatalipata: Kiswahili hakihitaji chochote. Wao wana herufi za mkia na kofia, lazima wapakie ukurasa wa herufi wa kioo na mpangilio wa kibodi. Sisi herufi zetu zote zimo kwenye seti ya kawaida, hata majina ya Kisukuma yenye ng' yanakaa kwa koma ya juu tu, na wadaiwa wa mzee wenye majina hayo ni wengi. Yanatoka kwenye karatasi kama yalivyoandikwa.

Kuwaka ni sekunde tisa, nimepima kwa simu, toka swichi mpaka bluu ya MADENI. Hakuna kusasisha, hakuna bando linaloliwa kimya kimya. Kumbukumbu ile ya kizamani ya KB 640 ilibaki na zaidi ya 600 huru, na programu ya mzee haihitaji hata nusu.

Sasa ubaya, na upo. Printa ya USB sahau. Waifai ya laptopu, sahau pia. Fleshi inaonekana ukiichomeka kabla ya kuwasha, kwa huruma ya BIOS, ile programu ndogo ya kiwandani inayoamsha kompyuta. Ukiichomeka katikati ya kazi ni kama hujafanya kitu. Nimemwandikia mjukuu faili la NAKALA.BAT linalobeba madeni yote kwenda D, yaani kwenye fleshi, kila jioni, na mara mbili amenipigia kwamba fleshi imekufa, kumbe aliichomeka baadaye. Kuzima nako kumewashangaza: unatoka kwenye programu, unabonyeza swichi, imekwisha. Yule binti wa kaunta haamini mpaka leo, anasubiri kidogo kwanza. Na nyaraka zao ni nyingi na nzuri, lakini zinadhani unajua FDCONFIG.SYS ni nini. Kijana aliyezaliwa na simu ya kugusa mkononi atapotea dakika ya pili.

Kubwa kuliko yote ni UEFI, mtindo mpya wa kuamsha kompyuta ulioshika nafasi ya BIOS. FreeDOS inataka BIOS ya mtindo wa zamani, au angalau mashine inayokubali kujifanya hivyo. Mashine nyingi mpya zimeacha. Maana yake zile laptopu za nailoni siku hizi nyingine haziwezi hata kuiendesha moja kwa moja. Ukinunua mtumba kwa kazi hii, ingia kwenye seti-apu palepale kwa muuzaji, utafute neno Legacy kabla hujatoa hela. Usipoliona, rudisha mezani.

Nyota naipa nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya fleshi, na najua siitendei haki. Gharama yote: kompyuta ya mtumba elfu 130, ufundi wangu elfu 50, mfumo sifuri. Mzee alibishana na ile elfu 50 tu.

Mwezi wa majaribio ulipoisha nilimweleza suala la UEFI, kwamba hii ikifa miaka mitano ijayo huenda tusipate nyingine ya aina yake. Hakuuliza maswali. Alinituma nikanunue ya pili inayofanana nayo, nikaiwekea kila kitu, na sasa iko chini ya meza yangu imefunikwa khanga. Jioni hiyo akafungua sehemu ya stoku kwenye MADENI, kati ya plagi na propela, akachapa kwa kidole kimoja: KOMPYUTA, SPEA, 1.