Tiba ya muziki wodini: nyota moja, au nne, mtajua wenyewe

Nilishaweka nyota moja nikafuta. Nikaweka nne, nikaikumbuka ile spika, nikafuta tena. Someni tu.

Baba alipata kiharusi upande wa kushoto wa ubongo. Mkono wa kulia ukapooza, maneno yakakatika. Si kwamba haelewi. Anaelewa kila kitu, hata umbea wa kitanda cha jirani anaufuata kwa macho. Ila akitaka kusema "maji" inatoka "ta-ta-ta", anakasirika, anageukia ukutani. Wenyewe wanaiita afasia. Tulipoambiwa hospitali ina huduma ya tiba ya muziki tulikubali mbio mbio.

Wiki za mwanzo sina neno baya. Alikuja dada mmoja na gitaa, akavuta kiti, hakupiga chochote. Aliuliza kwanza: mzee alipenda nyimbo gani ujanani? Zipi hazitaki? Kuna wimbo unaomkumbusha msiba? Hilo la mwisho lilinishangaza. Akasema wimbo unaweza kumfungua mtu na unaweza kumvuruga, hivyo haupigwi hovyo. Baba siku hiyo alikuwa amenuna, basi naye akaanza na kitu kizito cha taratibu, kama anayenuna pamoja naye, ndipo akaongeza mwendo kidogo kidogo. Kumbe wanafundishwa hivyo, kuanzia pale alipo mgonjwa.

Mara ya tatu au ya nne baba akaimba. Akaimba kwa maneno! Ubeti mzima wa wimbo wa ujana wake, mtu ambaye hata jina langu lilikuwa limemshinda. Nilitoka nikalie kwenye korido, watu wakadhani nimefiwa.

Sasa tuje kwenye spika.

Siku moja, nadhani katikati ya wiki, yule dada hakuwepo. Nafika jioni nakuta spika juu ya kikabati cha kitanda, karibu kabisa na sikio la baba: maji yanatiririka, ndege wanalia, kinanda kisicho na mwisho. Mgonjwa wa pembeni amejifunika shuka hadi kichwani. Baba kaunyoosha mkono wake mzima kuelekea ile spika na haufiki. Umebakiza kama shubiri moja. Shuka yote imevutikia upande ule, kikombe kiko sakafuni na maji yameshakauka. Alikuwa amehangaika muda.

Nikamuuliza mhudumu imewashwa saa ngapi.

"Tangu mchana. Ni tiba ya muziki hiyo, kaka. Utafiti umeonyesha inasaidia wagonjwa wa kiharusi."

Nikamwambia mzee haitaki. Akanijibu, bila hata kuniangalia: "Mbona hajasema?"

Hajasema! Mtu wa afasia!

Niliizima mwenyewe, na mengine niliyoyasema siyaandiki hapa. Usiku nikautafuta huo utafiti. Upo kweli, ulifanyika Helsinki kwa wagonjwa 60 wa kiharusi, ukachapishwa 2008. Waliosikiliza muziki kila siku walirudishiwa kumbukumbu ya maneno na umakini kuliko waliosikiliza vitabu vya sauti au waliokaa bila kitu. Lakini muziki walijichagulia wenyewe! Na ilikuwa saa moja au zaidi kidogo kwa siku, si kufungiwa ndege sikioni alasiri nzima. Mhudumu hakufika huko? Watu wanasomea kazi hii. Chuo cha Michigan State kule Marekani kilianzisha masomo ya shahada yake 1944. Halafu anatokea mtu anabonyeza kitufe, anaondoka, anaandika kwenye faili "amepata tiba ya muziki". Liliandikwa hivyo, nimeliona kwa macho yangu.

(Nisiwe mchoyo: muziki wa kurekodiwa nao unatuliza watu wanaosubiri upasuaji, hilo limepimwa. Lakini anayesubiri upasuaji huwa ana mdomo wa kusema punguza.)

Malalamiko nilipeleka ofisini. "Tumeyapokea." Mpaka leo wanayapokea.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba dada wa gitaa aliporudi, baba alimgeuzia mgongo. Alipoliona tu gitaa akafumba macho. Kazi yote ile, ikaharibiwa na spika ya mchana mmoja. Hapo ndipo nilipoandika nyota moja.

Dada hakubembeleza. Aliliweka gitaa nje ya mlango, akaniuliza kulikoni, nikamweleza. Akakaa kimya kidogo, kisha akaushika mkono wa kushoto wa baba na kuanza kuugonga taratibu kwenye godoro, pigo moja kila silabi, sauti moja juu na moja chini: *zi-ma. Zi-ma.* Njia hiyo wataalamu wa Boston waliitangaza 1973: neno fupi la kila siku linaimbwa kwa sauti mbili huku mkono ukigongwa, mgonjwa anavuma, anafuatisha, halafu uimbaji unapunguzwa hadi libaki neno la kusemwa. Haimfai kila mtu, alinionya mapema. Baba siku ya kwanza alivuma tu, mdomo umefungwa. Ya pili akatoa "zi". Jasho lilimtoka kwa hiyo "zi".

Siku chache baadaye dada hayupo tena, na mhudumu yule yule anaingia na spika yake kwapani. Nikataka kusimama. Nikajizuia, sijui kwa nini. Akaiweka pale pale, ndege wakaanza.

Baba akagonga godoro mara mbili.

"Zi-ma."

Juu, chini, kama alivyofundishwa. Mgonjwa wa pembeni akafunua shuka, akaangua kicheko. Mhudumu akanigeukia mimi, eti mimi ndiye niliyesema.

"Mbona unaniangalia mimi?" nikamwambia. "Mzee amesema."