Uzoefu wangu: njia za baiskeli msituni tukiwa watu wa kila uwezo, kijani mpaka nyeusi

Nimeona watu wengi wanasifia hivi vituo vya baiskeli vyenye njia za rangi rangi, kuanzia kijani iliyo rahisi kabisa, bluu, nyekundu, mpaka nyeusi iliyo ngumu kabisa, ila karibu wote wanaongelea nyekundu na nyeusi kwa sababu wao ni wazoefu. Mi naandika kwa niaba ya wengine. Tulienda watu mchanganyiko kabisa: mama mdogo ambaye magoti yanamsumbua, mpwa wangu ambaye kajua baiskeli juzi juzi tu, mdogo wangu ambaye yeye bila kuruka hajaendesha, na rafiki yangu ambaye miguu yake haifanyi kazi, anatumia baiskeli ya kuzungusha kwa mikono, ile ya matairi matatu. Kituo kinajitangaza kwamba kina njia za kila mtu na mandhari ya kila mtu, basi nikasema ngoja tuone. Nawapa nyota nne kati ya tano na ile moja iliyopungua nitaieleza vizuri huko chini.

Kwanza hizi rangi, maana watu wanazielewa vibaya. Rangi inakuambia njia ilivyo, upana wake, mwinuko wake, mawe na mizizi, haikuambii utachoka kiasi gani. Kwenye mwongozo wa IMBA, ambacho ni chama cha kimataifa cha waendesha baiskeli za milimani, kijani inatakiwa iwe na upana wa kama sentimita 90 na kuendelea na mwinuko wa wastani usiozidi asilimia 5, bluu inakubalika kushuka mpaka kama sentimita 60 na mwinuko wa wastani asilimia 10, nyeusi unaweza kukuta sentimita 30 tu na asilimia 15. Sasa kijani ya kilomita 25 inaweza kukumaliza kuliko nyekundu ya kilomita 6, kwa hiyo we angalia vitu viwili kwenye ramani, urefu na jumla ya mita za kupanda, afu ndo urudi kwenye rangi. Kingine, usipime rangi za nchi moja kwa nyingine. Marekani wanatumia duara la kijani, mraba wa bluu na almasi nyeusi, mfumo waliouchukua kwenye milima ya kuteleza kwenye theluji, na Uingereza wameweka nyekundu katikati ya bluu na nyeusi, yaani ngazi zenyewe hazilingani.

Haya tuje kwenye kijani, na hapa ndo kituo hiki kimenifurahisha kuliko kitu chochote. Sehemu nyingi anayeanza anapewa kamzunguko fulani tambarare kanakozunguka pakingi, pembeni vyoo na magari, afu yale mandhari yote kwenye picha za tangazo yapo juu ambako ni nyekundu peke yake inafika. Kwamba kama huna mapafu na huna ujuzi basi huna haki ya kuona bonde. Hapa wamefanya kinyume, kijani yao inapanda mpaka juu kabisa, wameivuta kwa kona ndefu ndefu kushoto kulia, hakuna sehemu unasikia unasukuma mlima, na kwenye kila kona miti imepunguzwa kidogo upande wa bonde ili uone. Inachukua muda mrefu kuliko nyekundu kufika juu, sawa, lakini mnafika mahali pale pale. Mama mdogo alifika juu akakuta vijana wa nyekundu wamekaa kwenye benchi hilo hilo, wanapumua kwa shida kuliko yeye. Mi nadhani hiki ndo kipimo cha sehemu inayosema ni ya watu wote, usiangalie ina rangi ngapi, angalia ile rahisi kabisa inakupeleka wapi.

Yeye mama mdogo alichukua baiskeli ya umeme, na nimeshaacha kubishana na watu wanaosema hiyo si baiskeli. Ile ya kawaida kwa sheria za Ulaya mota yake ni wati 250 na inaacha kusaidia ukifika kilomita 25 kwa saa, na haisaidii mpaka we mwenyewe ukanyage pedeli, kwa hiyo bado unafanya kazi, ila goti halibebi ule uzito wa mwanzo wa mlima. Angalizo moja tu, waambie wakuonyeshe viwango vya msaada na uanze na kile cha chini, ukipanda mlima wote kwenye cha juu betri inaisha huko huko, na baiskeli hizi ni nzito, bila betri hutaipenda.

Kesho yake tulipita njia nyingine ya karibu, ile ambayo zamani ilikuwa reli. Hizi jamani zisidharauliwe kabisa! Treni za mvuke zilikuwa haziwezi milima mikali, kwa hiyo wajenzi walikata vilima na kujaza mabonde ili mwinuko ubaki kidogo sana, mara nyingi haufiki asilimia 3, na leo ule mteremko mpole ndo unafaidiwa na mtu wa baiskeli. Ndo maana njia maarufu duniani za watu wa kawaida nyingi ni reli za zamani, mfano Otago Central Rail Trail kule New Zealand, kilomita 152 kati ya Clyde na Middlemarch, ilikamilika kufunguliwa mwaka 2000, unapita kwenye mahandaki na madaraja marefu ya reli, au ile ya Bristol mpaka Bath Uingereza yenye kama kilomita 21. Ubaya wake ni mmoja, zimenyooka, mtu kama mdogo wangu anaboreka baada ya nusu saa. Mi sikuboreka hata kidogo, unaongea na mwenzio ubavuni safari nzima, na huwezi kufanya hivyo kwenye njia nyembamba ya msituni.

Turudi msituni, bluu. Hii niliendesha na mpwa wangu na nilikuwa nyuma yake muda wote kwa hiyo niliona kila kitu. Mwanzoni wameweka kieneo kidogo cha matuta laini ya udongo, unazunguka pale bila kupiga pedeli, unasukuma mwili tu chini na juu na baiskeli inaenda yenyewe, na mtoto alikaa pale mpaka akaelewa kwamba baiskeli inaongozwa na mwili mzima. Ndo tukaingia njiani. Kona za bluu zina ukuta wa udongo kwa nje, ukiingia unailaza baiskeli na ukuta unakushika, ila breki ufunge kabla ya kona, ukishaingia achia. Utajua wapi watu wanafunga breki kwa kuchelewa, pale mita chache kabla ya kona ardhi imejaa vijimakunyanzi vinavyotetemesha mikono, hivyo vinachimbwa na matairi yaliyofungwa ghafla. Mpwa wangu mara ya kwanza alivipitia amekaa kwenye siti, akarushwa rushwa, nikamwambia simama kwenye pedeli, ziwe usawa mbele na nyuma, magoti yalegee, kidole kimoja tu kwenye kila breki, macho yaangalie mwisho wa kona, usiangalie tairi. Kona ya tatu hivi akaanza kuimba. Mizizi nayo, ikiwa mikavu haina neno, ikilowa inateleza sana, ivuke kwa kuikata kimsalaba, yaani tairi liigonge moja kwa moja, ukienda nayo sambamba inakulaza.

Nyekundu na nyeusi sitasema mengi, mdogo wangu alizipenda, anasema ngazi za mwamba zimepangwa vizuri na kila kitu kikubwa kina njia ya pembeni ya kukikwepa, na kabla ya kuingia nyeusi wameweka mahali pagumu kwa makusudi pale mlangoni, kama hapo umeshindwa basi unageuza bila aibu kabla hujaingia ndani. Hiyo ni akili nzuri sana na natamani kila sehemu waige.

Sasa ile nyota. Rafiki yangu wa baiskeli ya mikono alipiga simu kabla, akaambiwa kijani inapitika. Tukafika mlangoni kweli kupana, tukaanza, tukaenda zaidi ya nusu ya njia, tukakutana na geti la kuzuia pikipiki, zile nguzo mbili zilizopishana unapita kwa kujikunja. Baiskeli ya kawaida inapita, ya matairi matatu haipiti na haigeuki pale. Yeye hawezi kushuka akaisukuma kama sisi. Tulimbeba yeye na baiskeli yake kwa mafungu mawili, na yeye ni mtu mzima aliyekuja kuendesha, hakuja kubebwa, alinyamaza muda mrefu baada ya pale na mi roho iliniuma sana. Kwenye tangazo lao kuna picha ya baiskeli kama yake! Niliporudi ofisini kwao walinisikiliza vizuri, wakaandika, wakasema lile geti litabadilishwa, nitafurahi likibadilishwa lakini nyota narudisha nikiona.

Kuna jambo lingine alinifundisha yeye, mi wa matairi mawili nilikuwa silioni kabisa, mlalo wa njia kwa upande. Njia ikiinamia bondeni hata kidogo, baiskeli ya kawaida inabaki wima, unajisawazisha bila kujua. Ya matairi matatu inalala na njia, uzito wote unakwenda upande wa bonde, na mwendeshaji anapambana kwa kiuno na mabega kilomita nzima. Kwa mtu wa aina hiyo njia pana yenye mlalo ni mbaya kuliko njia yenye mwinuko wa kawaida iliyo sawa. Tuliomba ramani yenye kuonyesha mlalo na hawana, na sijaona kituo kinachoweka, wakati kupima ni kifaa kidogo tu cha mkononi. Ila sehemu ya juu ya kijani, ile ya kona ndefu, ilikuwa sawa kabisa na alitushinda kushuka wote, yuko chini chini pale karibu na ardhi, kona anazila tu.

Baiskeli za kukodi ziko vizuri, breki za diski, shokapu ya mbele, gia moja tu kubwa mbele na nyingi nyuma kwa hiyo hakuna kuchanganyikiwa. Kitu cha kukagua ni upepo. Wakodishaji wengi wanajaza sana wakiogopa pancha, na tairi gumu kwenye changarawe linaruka ruka halishiki ardhi, niliomba wapunguze na fundi alikubali bila maneno. Mtu wa uzito wa kawaida kwenye tairi nene za milimani wengi wanacheza kati ya psi 20 na kitu mpaka 30, kutegemea tairi na kama ina tyubu. Jaribu breki zote mbili kabla ya kuondoka, na kwenye mteremko mrefu usizikandamize muda wote, funga, achia, zipoe. Wale jamaa walioanzisha mchezo huu California, kwenye mashindano ya Repack ya mwaka 1976 kule Marin, walikuwa wanashuka na baiskeli kuukuu nzito zenye breki ya kukanyaga kinyumenyume, grisi ya ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, ilikuwa inaungua mpaka wanalazimika kuweka mpya. Sisi tuna bahati na vifaa hivi vya leo.

Vibao vya njia ni vizuri, mshale kila njia panda na mwingine mbele kidogo wa kukuhakikishia kwamba hujapotea, na huu wa pili ndo sehemu nyingi wanausahau. Nje ya msitu ambako unaunga barabara za mashambani, mfumo ninaoupenda kuliko yote ni ule wa namba ulioanzia Limburg upande wa Ubelgiji mwaka 1995, kila makutano yana namba, unaandika kwenye karatasi 12, 47, 33, 08 unafunga kwenye usukani, mtu akichoka mnaangalia ramani mnafupisha hapo hapo. Simu ikizima bado unafika. Hapa hawajafika huko lakini kijani na bluu zinakutana mara kadhaa njiani, kwa hiyo mliogawanyika mnaweza kupanga kukutana, sisi tulifanya hivyo na hakuna aliyemsubiri mwenzie muda mrefu.

Kwa anayetaka kwenda, nendeni asubuhi kabla vikundi havijafika, mvua kubwa ikinyesha ahirisheni bluu na kuendelea maana mkipita kwenye tope mnachimba mifereji ambayo watu wa kujitolea wanakuja kuifukia kwa koleo, njia ya reli ya zamani yenye changarawe haina shida na mvua. Na kama mnaye mtu wa matairi matatu, mkipiga simu msiulize kama njia inapitika, ulizeni upana wa kila geti kuanzia mwanzo mpaka mwisho na wawape kwa sentimita, na mumwombe aliyepokea simu awe amepita mwenyewe njia hiyo.